Nyufa za Zege na Kutu ya Nondo
Hotuba kwa waalimu, wazee wa makanisa na wenye nyumba wa pande za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam



Nimeombwa niseme maneno machache katika mkutano huu wa Jubili, nami nimechagua habari ambayo labda wengine watastaajabu kuisikia kinywani mwa katekista, yaani habari ya nyufa katika zege, na jinsi zinavyohusiana na kutu ya nondo zilizomo ndani. Sababu yake ni hii. Mwaka wa Jubili ni mwaka wa kupaka rangi. Kila tupitapo twaona watu wamepanda ngazi, wanakwangua kuta, wanaziba matundu, wanapaka rangi mpya, ili wageni wakija waone majengo mazuri. Kazi hiyo ni njema. Walakini rangi hufunika mambo yote sawasawa, yale yasiyo na dhara na yale yenye hatari. Basi naomba, kabla ndoo ya rangi haijafunguliwa, tuyatazame kwanza majengo yetu, hasa dari za baraza, nguzo, linta, na vifuniko vya mashimo ya vyoo vya shule, maana watoto wetu hupita chini yake na juu yake kila siku.

Wazee walituachia methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya kweli, lakini ilitungwa na watu waliokaa katika nyumba za miti na udongo, na nyumba za mawe na chokaa. Katika ukuta wa namna hiyo ufa ndio ugonjwa wenyewe, na ukiuziba mapema umeuponya. Nyumba zetu za sasa zina chuma ndani yake. Katika nyumba hizo ufa mara nyingine ni mlango ambao ugonjwa waweza kuuingilia, na mara nyingine ni dalili kwamba ugonjwa umekwisha kuingia zamani. Asiyejua tofauti hiyo huziba nyufa zote kwa namna moja, akaenda zake akidhani kazi imekwisha.

Kwanza tuulize, kwa nini nondo hutiwa ndani ya zege? Zege ni hodari sana likigandamizwa, lakini likivutwa ni dhaifu; nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ile ya kugandamizwa. Chuma ndicho kistahimilicho kuvutwa. Mtu mmoja wa Ufaransa, mtunza bustani jina lake Joseph Monier, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1867 kwa vyungu vya miti alivyovitengeneza kwa saruji yenye wavu wa chuma ndani. Tangu hapo desturi hiyo imeenea duniani kote. Hapa petu kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na leo hata mtu wa kipato kidogo wa Mbagala au Bunju, akijenga chumba kimoja kimoja kadiri apatavyo fedha, hutia nondo katika linta yake.

Sasa chuma kikiachwa nje katika hewa ya Dar es Salaam, pamoja na mvua za masika na upepo wa bahari, hushika kutu upesi. Lakini chuma kile kile kikiwa ndani ya zege jema chaweza kukaa makumi ya miaka bila kuharibika. Jambo hili latoka katika saruji. Saruji ikichanganyika na maji hutoa chokaa na vitu vingine vyenye ukali, na maji yaliyobaki katika vitundu vidogo vya zege huwa na ukali mwingi. Wataalamu huupima kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi hupata 7, na maji ya ndani ya zege jipya hupita 12. Katika ukali huo chuma hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo hukizuia kutu. Kwa hiyo zege hufanya kazi mbili: hubeba mzigo pamoja na nondo, na tena huwa nguo ya nondo.

Adui wa nguo hiyo ni wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ile tuitoayo tukipumua na ile itokayo katika moshi wa magari na majiko. Hewa hii hupenya polepole katika zege na kuupunguza ukali wake, hata pH ikashuka chini ya 9, na ngozi ya chuma ikayeyuka. Adui wa pili ni chumvi. Chumvi haingoji ukali upungue. Ikifika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha huitoboa ngozi ile mahali mahali. Sisi wa pwani tunaye adui huyu karibu sana. Huletwa na upepo kutoka baharini huko Msasani, Kunduchi na Kigamboni. Tena mara nyingine twamwingiza sisi wenyewe, kwa kuchanganya zege kwa maji ya kisima yenye chumvi au kwa mchanga wa ufukweni.

Baada ya ngozi kutoka, kutu huhitaji vitu viwili tu, maji na hewa. Tena kutu haikai mahali padogo kama chuma kilichoizaa. Hufura, ikataka nafasi mara mbili, hata mara sita kupita ile ya chuma. Nafasi hiyo haipo, kwa sababu nondo imebanwa na zege pande zote. Basi kutu husukuma, na zege, ambalo tumekwisha kusema ni dhaifu likivutwa, hupasuka.

Hapo ndipo tunapoanza kufahamu nyufa. Kuna ufa uliokuja kabla ya kutu, na kuna ufa uliozaliwa na kutu. Tuutazame kila mmoja peke yake.

Ufa uliokuja kabla ya kutu mara nyingi hukata nondo kwa kupingana nayo, kama kisu kikatavyo muwa. Linta au boriti ikibebeshwa mzigo hupinda kidogo sana, na upande wake wa chini hupasuka nyufa nyembamba. Zege lenye nondo limefanywa hivyo. Haliwezi kufanya kazi yake bila nyufa hizo ndogo. Ndiyo maana kanuni za wahandisi hazisemi pasiwe na ufa hata mmoja, bali huweka mpaka wa upana, na mpaka unaotumika sana ni milimita 0.3, kama unene wa karatasi tatu za daftari zikiwekwa pamoja. Palipo na maji ya bahari huweka mpaka mdogo zaidi. Ufa mwembamba sana, usiofika milimita 0.1, maji yakipita ndani yake polepole, huweza hata kujiziba wenyewe kwa chokaa nyeupe.

Je, ufa wa namna hiyo huleta kutu? Huleta, maana maji, chumvi na hewa ya ukaa huifikia nondo upesi pale unapoikata. Lakini watu wamechunguza sana kama upana wa ufa ndio unaoamua kutu itaendelea kadiri gani. Huko Toulouse, Ufaransa, mwaka 1984 wachunguzi walitengeneza boriti za zege zenye urefu wa mita 3, wakazitwisha mzigo hata zikapasuka, wakaziweka katika ukungu wa maji ya chumvi, wakazitazama miaka mingi. Waliona kwamba kutu ilianza mapema kwenye nyufa, kisha ikapungua mwendo. Na kwa siku nyingi zilizofuata, upana wa nyufa zile za kwanza haukuwa ndio ulioamua ni boriti ipi itakayoharibika zaidi. Lililokuwa na nguvu zaidi ni hali ya zege lenyewe lililoizunguka nondo.

Labda mtu atauliza, yawezekanaje hivyo? Kutu hufanya kazi kama betri. Pale penye ufa chuma huliwa. Lakini ili kiliwe, sharti sehemu nyingine ya nondo ile ile, iliyo mbali kidogo na ufa, ipate hewa na unyevu kupitia katika zege lisilopasuka. Zege hilo likiwa limeshikamana vema, na kina chake juu ya nondo kikiwa cha kutosha, hewa hupita kidogo tu, na kutu kwenye ufa hukosa chakula. Zege likiwa na vitundu vingi kama mkate, nondo yote kwa urefu wake huilisha kutu mahali pale pamoja, nayo ikachimba shimo. Kwa hiyo majirani wawili waweza kuwa na nyufa za upana mmoja, nyumba ya mmoja ikadumu, na ya mwingine ikaharibika.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi nyufa pana ziachwe. Ufa ambao ukingo wa kadi ya benki unaingia ndani yake una upana wa milimita 0.8 hivi, umepita mpaka zaidi ya mara mbili, nao wataka mhandisi. Kadhalika ufa unaoongezeka mwezi hata mwezi, na ufa unaovuja maji. Huenda habari yake si kutu hata kidogo, bali msingi umedidimia au mzigo umezidi.

Sasa tutazame ufa wa pili, ule unaofuata nondo kwa urefu wake. Ufa huu ndio nataka kila mmoja wenu aujue. Nguzo ikiwa na ufa uliosimama karibu na pembe yake, toka chini kwenda juu, pale pale ambapo nondo imesimama. Au linta ikiwa na ufa unaolala kwa urefu karibu na ukingo wake wa chini. Au dari ya baraza ikionyesha mistari iliyopangana kwa umbali ulio sawa, kama mistari ya daftari, basi yamkini kutu imekwisha kufura ndani na ufa ni kazi yake. Ringi nazo ziko karibu na uso kuliko nondo kubwa, kwa hiyo zaweza kuanza wao, na nyufa zao zikapita kwa kupingana na boriti kwa umbali wa ringi na ringi. Mkiona na madoa ya rangi ya kahawia, au vipande vya zege vimeanguka sakafuni, au mkigonga kwa nyundo ndogo mkasikia sauti ya utupu kama ya kibuyu, shaka inapungua sana. Ufa wa namna hii ni hatari hata ukiwa mwembamba, kwa sababu umeifungua nondo kwa urefu wake wote.

Kuziba ufa huo kwa lipu na kupaka rangi juu yake ni kumvika mgonjwa shati safi. Baada ya masika moja au mbili hurudi mahali pale pale, na muda huo wote nondo inakonda. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Genoa katika Italia, lililofunguliwa mwaka 1967, lilianguka watu wakiwa juu yake, na 43 walikufa. Kamba za chuma zilizolishikilia zilikuwa zimefichwa ndani ya zege, na wachunguzi walizikuta zimeliwa na kutu huko ndani. Sisi hapa mjini tumepata misiba ya majengo kuanguka, kama Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, walipokufa watu 36, na Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, walipokufa watu zaidi ya 20. Sisemi misiba hiyo ilitoka kwa kutu. Lile jengo la mwaka 2013 lilikuwa lingali likijengwa. Naitaja kwa sababu imetufundisha kuogopa jengo jipya lililojengwa kwa haraka, wala haikutufundisha kulitazama jengo la zamani linaloliwa kimya kimya.

Sasa niseme mambo manne ambayo katika mitaa yetu huzaa madhara haya.

Jambo la kwanza ni kina cha zege juu ya nondo. Fundi akilaza nondo juu ya mbao bila kuziinua, nondo hukaa usoni kabisa, pengine chini ya milimita 10. Yapasa atie chini yake vijiwe vidogo vya saruji, ambavyo mafundi wengine huviita biskuti. Ndani ya nyumba pakavu kina cha milimita 25 chatosha. Nje, penye mvua na upepo wa bahari, milimita 40 au 50. Faida yake ni kubwa kuliko mtu adhaniavyo. Hewa ya ukaa hupungua mwendo kadiri inavyoingia ndani. Kina kikiongezwa mara mbili, muda wake wa kufika kwenye nondo huongezeka kama mara nne. Zege la milimita chache lisilo na gharama kubwa laweza kumpa mtu nyumba ya kurithisha watoto.

Jambo la pili ni maji. Maji mengi katika mchanganyiko hurahisisha kazi ya koleo, lakini yakikauka huacha vitundu. Tena zege jipya hupigwa na jua na upepo, likakauka usoni kabla halijapata nguvu, likapasuka siku ile ile. Mafundi husema zege halilali, maana yake likiisha kuchanganywa sharti limwagwe siku hiyo. Ni kweli, lakini likiisha kumwagwa lataka kunyweshwa. Lifunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiliwa siku 7 kwa uchache. Na maji yenyewe yaonjwe kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, yasitiwe katika zege lenye nondo.

Jambo la tatu ni nondo zinazoachwa wazi juu ya nyumba. Tembea Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tegeta, utaona nguzo nyingi zenye nondo zinazotazama mbinguni, zikingoja ghorofa ambayo mwenyewe anatumaini kuijenga siku moja. Siwalaumu wenye nyumba hizo, kwa maana twajua fedha zinavyopatikana. Kutu nyepesi ya juu juu haidhuru. Lakini nondo ikikaa miaka mingi hukonda, na maji hushuka kwa kuifuata hata ndani ya kichwa cha nguzo. Basi zifunikwe kwa zege hafifu litakalobomolewa baadaye, na kichwa cha nguzo kipewe mteremko, kisishike maji. Na siku ya kuendelea kujenga, mhandisi apime unene wa nondo zile kabla hazijabebeshwa kitu.

Jambo la nne ni vifuniko vya mashimo ya vyoo. Upande wake wa chini hauonekani na mtu, nao daima ni mbichi. Hewa chafu ya shimo hugeuka kuwa asidi inayolila zege, kisha kutu huzishika nondo. Juu pameswaguliwa vizuri, na watoto hucheza. Kifuniko cha namna hii hakitoi onyo la kutosha. Basi naomba kila mwalimu mkuu ahakikishe kimekaguliwa kwa chini kila shimo linapovutwa, na mpaka hapo watoto wasisimame juu yake.

Mkiisha kuona ufa, fanyeni hivi. Andikeni tarehe, na kwa penseli tieni alama mwisho wa ufa pande zote mbili, mkatazame tena baada ya masika na baada ya kiangazi. Zuieni maji: bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba, tangi linalofurika juu ya dari. Bila maji kutu haiendi. Ufa ukifuata nondo, au vipande vikianza kuanguka, wekeni watu mbali na mahali pale, mkamwite mhandisi aliyeandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Yeye atasema kama jengo litegemezwe kwa miti kwanza. Matengenezo ya kweli ni kulichonga zege lililoharibika hata nyuma ya nondo, kuisugua nondo mpaka ing'ae, kuongeza nyingine pale ilipokonda, kisha kulijaza zege jipya lililoshikamana. Tena jihadharini na kiraka kidogo. Zege la kando likiwa limejaa chumvi, kutu ikifukuzwa mahali pamoja huhamia kwa jirani yake, na mwaka wa pili mtaona ufa mpya ukingoni mwa kiraka. Kwa hiyo mhandisi apime mpaka mwisho wa ugonjwa.

Najua mtasema, fedha za Jubili ni chache, na rangi ni rahisi kuliko mhandisi. Ni kweli. Lakini kutazama hakuna gharama. Nyundo ndogo, ngazi, penseli na daftari vyatosha kwa kazi ya siku moja, na hata wanafunzi wakubwa waweza kuandika huku mwalimu anapima. Usharika wenye daftari la nyufa zake utajua mahali pa kutia shilingi yake ya kwanza. Na pale ambapo ukuta umepasuka lipu tu, utapaka rangi yake kwa moyo mweupe.

Basi shauri langu kwa mkutano huu ni kwamba kila usharika na kila shule ichague watu wawili, mmoja mwenye macho mazuri na mmoja fundi, wakakague majengo yote kabla ya rangi kununuliwa, wakalete habari zao kwa maandishi. Methali ya wazee na tuishike, tukiongeza neno moja tu kwa ajili ya nyumba zenye chuma: ufa usizibwe mpaka umechunguzwa.